Chakula cha Paka wa Geita

Paka alifika kwetu ndani ya kikapu cha ukindu kilichoshonwa mdomo kwa kamba ya katani, na kabla sijamwona nilimsikia. Hakulia kama paka wengine. Aliguna, kama mtu mzima anayejitwika gunia. Mume wangu alikiweka kikapu sakafuni, akavua viatu vyake vilivyojaa vumbi la Geita, akasema, "Nimekuletea mgeni."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, Shinyanga mjini, katika nyumba za walimu karibu na reli. Nilikuwa nafundisha darasa la tatu. Mume wangu alikuwa ameacha kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akaenda Geita kutafuta dhahabu kama walivyofanya wanaume wengi wa rika lake. Alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi, wakati mwingine baada ya miezi miwili. Alivuka kwa kivuko pale Busisi, akapanda treni Mwanza. Tulikuwa na miaka tisa ya ndoa na hatukuwa na mtoto. Jambo hili nalisema mapema kwa sababu lina nafasi yake katika habari hii, siyo kwa sababu nataka kuhurumiwa.

"Paka wa nani?" nilimwuliza.

"Wa rafiki yangu. Tunalala kibanda kimoja. Kule kambini mbwa ni wengi, watamrarua. Ameomba umtunzie kwa muda."

"Muda gani?"

"Muda tu, mke wangu. Paka naye ni wa kuhojiwa?"

Akakata kamba. Akatoka paka dume, mkubwa, rangi ya majivu, kifua cheupe, sikio moja limechanika. Miguu ya nyuma ilikuwa inapishana kidogo anapotembea. Alizunguka chumba kizima akinusa, halafu akaenda kwenye kona, akachuchumaa. Akakaa hivyo muda mrefu. Akaguna. Hakikutoka kitu.

"Ana shida ya choo," mume wangu akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja jambo dogo kama kuvunjika kwa kikombe.

Sikuwa mpenzi wa paka. Nilimlisha kama nilivyoona paka wakilishwa tangu utotoni: makombo ya ugali, kichwa cha samaki, mfupa. Ulikuwa wakati wa unga wa njano, ule wa msaada, uliotoa ugali mkavu unaokwama kooni hata kwa binadamu. Siku ya sita alikataa kula. Siku ya saba alitapika povu, akalala chini ya kitanda akiwa ameukunja mwili wake kana kwamba anaficha kitu. Nilimrudisha kwenye kikapu chake, nikatembea naye hadi machinjioni, ambako alikuwapo mtaalamu wa mifugo aliyekuwa akikagua nyama na kuipiga mhuri.

Alikuwa mtu wa makamo, mkali kidogo, na aproni yake ilikuwa na damu.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu kwa Kisukuma. Nilipomwonyesha kilichomo kikapuni akacheka. "Mwalimu, sisi hapa ni watu wa ng'ombe."

"Tumbo si ni tumbo?"

Akaacha kucheka. Akanawa mikono, akamshika paka kiunoni, akambonyeza taratibu upande wa kushoto. "Lete mkono wako. Gusa hapa."

Nikagusa. Ndani ya tumbo lile laini kulikuwa na vitu vigumu vimejipanga, kama kete za bao zilizotiwa ndani ya soksi.

"Huyu aliwahi kugongwa na gari," akasema. "Mfupa wa nyonga ukaunga vibaya, njia ikawa nyembamba. Choo kikikauka kidogo tu hakipiti. Kikikaa ndani kinazidi kukauka. Wewe unampa nini?"

Nikamwambia.

"Ugali na mifupa! Unamjengea ukuta tumboni."

Alimtoa taka zile kwa mpira mwembamba na maji ya uvuguvugu, kazi ambayo sitaieleza. Alipomaliza alininyooshea kidole. "Leo nimefanya. Sitafanya kila wiki, na wewe usijaribu hata siku moja. Wala usimminie mafuta mdomoni, yataingia kwenye mapafu utamwua. Dawa yake iko jikoni kwako. Mifupa hapana. Kitu kikavu hapana. Chakula chake kiwe na maji mengi, kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Tafuta kitu cha kulainisha. Na kila anachokula na kila anachotoa, uandike, maana utasahau."

Kuandika nilikuwa najua. Nilichukua daftari la andalio la masomo lililobaki kurasa, nikachora safu mbili: upande mmoja chakula, upande mwingine choo. Nililoweka dagaa usiku kucha, nikawachemsha mara mbili kuondoa mchanga na chumvi, nikawatwanga kwenye kinu hadi wakawa kama uji, nikawarudishia maji yao. Nilijaribu maziwa, yalimharisha siku mbili, kisha akafunga zaidi ya mwanzo. Nilijaribu matobolwa, vile viazi vitamu tunavyovichemsha na kuvianika juani, nikidhani nikivirowanisha vitakuwa laini tumboni. Vilimfunga siku tano. Boga ndilo lililoanza kutupa ahueni. Boga lililochemshwa, likapondwa bila kitu kingine, kijiko kimoja cha chai kwenye kila mlo. Siku ya nne ya boga alitoka kwenye kona yake na mkia juu, na mimi, mwanamke mwenye cheti cha ualimu, nikapiga makofi.

Mume wangu aliporudi alikuta daftari mezani. Akalifungua. Nilitarajia anicheke. Badala yake akavuta kigoda, akakaa nami jikoni.

"Jumanne hakupata choo?"

"Hakupata. Boga lilikuwa limeisha."

"Na Jumatano?"

"Jumatano alipata. Kidogo, kigumu."

"Kijiko kile cha chai au cha kulia?"

"Cha chai. Ukizidisha anaharisha."

Akarudia maneno yangu polepole, kama mwanafunzi anayekariri jedwali. Kisha akasema, "Rafiki yangu anauliza, maji anakunywa?"

"Kwa shida."

"Anasema usimpe kwenye kikombe. Mpe kwenye sahani pana, masharubu yasiguse kingo."

Nilimimina maji kwenye sahani pana. Paka akanywa mpaka nikahesabu hadi sitini.

Ikawa hivyo kila alipokuja. Alileta sato mkavu kutoka ziwani, alileta na ujumbe. Rafiki anasema paka hapendi kula karibu na mlango. Rafiki anasema ukimkanda tumbo kwa kiganja kabla ya kula, taratibu, huku unamwimbia, atatulia.

"Anamwimbia paka? Mchimba dhahabu?"

"Kambini upweke ni mwingi," alijibu, akainama kufunga kamba za viatu.

Nilicheka, lakini nilimpenda mtu yule. Nilimwona akilini mwangu: mwanaume mpole, pengine mjane, ameketi nje ya kibanda cha nyasi na paka mapajani. Nilikaanga karanga, nikazitia kwenye kopo la maziwa ya unga, nikamwambia mume wangu, "Mpelekee rafiki yako. Mwambie ana moyo mzuri."

Kuna jambo lingine lazima nilieleze, kwa sababu ndilo lililoniumiza kuliko yote. Katika miaka tisa mume wangu hakuwahi kuniuliza nimefundisha nini, au mkaguzi alisema nini, au kwa nini sauti yangu imekauka. Alikuwa mtu wa kula, kuoga na kwenda barazani. Sasa alikaa jikoni. Aliniuliza swali, akasubiri jibu, akauliza la pili. Tulianza na paka tukafika mbali. Siku nyingine nilijikuta namsimulia juu ya mtoto wa darasani kwangu asiyeweza kutamka herufi fulani, naye anasikiliza. Nilianza kuhesabu siku za kurudi kwake. Nikisikia honi ya treni ya Mwanza nilipaka wanja. Nilidhani ndoa yetu, ambayo nilikuwa nimeshaizoea ilivyo, imepata uhai kupitia tumbo la mnyama. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya paka. Kwa maneno hayohayo, kwenye mswala.

Mwaka na nusu ulipita hivyo. Kiangazi kilipofika maboga yakaadimika sokoni, paka akaanza tena kuguna kwenye kona. Jioni moja nilikuwa nakula ugali kwa mlenda, tone likaniponyoka kidoleni likaanguka sakafuni, naye akalilamba. Nikamwekea mwingine kwenye sahani, nimeuchanganya na dagaa. Asubuhi yake alipata choo bila kuguna hata kidogo. Nilikuwa na mfuko wa mlenda uliokaushwa na kusagwa, wa kutosha hadi mvua. Niliandika kwenye daftari kwa herufi kubwa. Mume wangu alikuwa ameondoka siku mbili tu zilizopita, na nilijiona kama mtoto mwenye zawadi, nikingoja arudi nimwambie.

Wiki moja baadaye, Jumamosi mchana, hodi ilibishwa mlangoni.

Alikuwa mwanamke kijana, miaka ishirini na miwili hivi, mwembamba, na khanga yake ilikuwa na vumbi la safari. Mgongoni alibeba mtoto wa kama mwaka mmoja. Aliponiona akapiga goti kidogo, uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba," nilijibu kwa mazoea. Kisha nikalisikia neno lenyewe. Wifi. Nina kaka mmoja, yuko Tabora, na mke wake namjua.

"Samahani kuja bila taarifa. Nimeuliza pale stesheni nyumba ya mwalimu mwenye paka, kila mtu akanionyesha." Akacheka. "Wanakuita Mwalimu wa Paka! Yuko wapi mzee wangu?"

Paka alikuwa amelala kwenye dirisha. Aliisikia sauti ile, akainua kichwa, akaruka chini, yeye ambaye kwa nyonga ile hakuwa akiruka, akaenda kujisugua kwenye miguu ya mgeni huku akilia kwa sauti ambayo kwangu hakuwahi kuitoa. Mwanamke akachuchumaa, akamshika tumbo kwa kiganja, akaanza kumwimbia.

Hapo nilijua. Sikujua yote, lakini nilijua.

Ningeweza kusema palepale. Sikusema. Nikasema, "Karibu ndani, pumzika," nikaweka maji ya chai jikoni. Nilitaka kusikia mpaka mwisho, na nilijua kwamba nikifungua mdomo sitasikia tena.

Alizungumza kama mtu aliyetunza maneno kwa muda mrefu. Alikuwa na paka huyu tangu akiwa msichana kwa mama yake Sengerema. Lori lilimgonga, watu wakasema atupwe, yeye akamlea. Akaolewa, akaenda naye Geita. Alipopata mimba ikawa ya matatizo, akarudi kwa mama yake, na mama hakutaka paka karibu na mjamzito.

"Nililia sana. Ndipo kaka yako akasema, usilie, nina dada Shinyanga. Ni mwalimu, ana utaratibu, na hana mtoto, ana nafasi. Atamlea kama wake."

"Alisema hivyo."

"Ndiyo. Siku ya kuja kwetu kujitambulisha wazee waliuliza, mbona huna ndugu hata mmoja wa kukusindikiza? Akasema wazazi wamefariki, amebaki dada tu, naye shule haimruhusu kusafiri. Mama yangu hakupenda. Lakini mimi, wifi, nilikujua kupitia kwa huyu." Alimpapasa paka. "Kila akirudi ananieleza. Dagaa waloweke usiku, wachemshwe mara mbili, watwangwe, warudishiwe maji yao. Boga kijiko kimoja, cha chai, ukizidisha anaharisha. Maziwa hapana. Matobolwa hapana kabisa. Jumanne hakupata, Jumatano alipata kidogo. Nilikuwa namwambia mume wangu, huyu dada yako, Mungu amlipe."

Alikuwa anayasema maneno yangu kwa mpangilio wangu, hata mahali ninapopumzika nilimsikia akipumzika. Nilikuwa nimesimama na birika mkononi. Jikoni kwangu, juu ya kigoda kile, mume wangu alikuwa amekaa akinisikiliza kwa makini namna ile ili asisahau kitu njiani. Yale yote niliyodhani ni mazungumzo yalikuwa maagizo ya kupeleka kwingine. Hata habari ya mtoto wa darasani kwangu alikuwa nayo. Aliniuliza kama sasa anaweza kutamka.

"Na zile karanga!" akasema. "Wakati wa mimba sikuweza kula kitu, karanga zako tu ndizo zilizokaa tumboni. Sasa mtoto amekua, nimerudi Geita, nikasema nije mwenyewe kumchukua paka wangu."

Nikamimina chai. Sikumwaga hata tone. Mpaka leo nashangaa.

Alimshusha mtoto mgongoni, akamsimamisha mbele yangu, akimshika mikono yote miwili. Alikuwa mtoto wa kike, mzuri, mwenye macho ya mume wangu.

"Msalimie shangazi," akamwambia. Kisha akanitazama mimi, akamtazama mtoto, akatabasamu. "Unaona, wifi? Paji hili la uso ni lako. Nilikuwa najiuliza amelichukua kwa nani."

Kikombe nikakiweka chini.

"Hawezi kuwa na paji langu," nikasema. "Mimi siyo shangazi yake."

Alicheka, akidhani natania. Nikaingia chumbani, nikafungua sanduku, nikatoka na cheti cha ndoa, nikamwekea mezani. Hakuwa msomaji mwepesi. Alifuata kwa kidole, herufi baada ya herufi, hadi akafika kwenye jina la mume, na kidole kikasimama pale. Kikasonga hadi jina la mke. Akaniuliza, "Hili ni jina lako?"

"Ni langu."

Mtoto alianza kumvuta khanga. Hakumtazama. Nilitegemea alie, nami nilikuwa tayari kwa kilio chake; ningemchukia au ningemwonea huruma, lolote kati ya hayo lingenisaidia. Lakini aliinua uso ukiwa umekakamaa kwa hasira.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipomwimbia paka."

"Saa nzima," akasema. "Umeniacha nikuite wifi saa nzima. Umeninywesha chai, umenisikiliza nikijisifia mume, na unajua. Una tofauti gani naye?"

Jibu la swali lile nimelitafuta tangu siku ile.

Hapakuwa na treni wala basi mpaka asubuhi, kwa hiyo alilala kwangu, katika chumba ambacho tulikuwa tumekiita cha mtoto kisha tukaacha kukiita. Asubuhi nilimkuta ameshafunga mzigo wake. Paka alikuwa amekaa juu ya kikapu kilekile cha ukindu.

"Huyu je?" akauliza. "Naye utanidai?"

"Ni wako. Mchukue."

Alimwingiza kikapuni. Nilisimama mlangoni nikitazama. Mfuko wa mlenda ulikuwa umening'inia kwenye msumari nyuma yangu. Jambo lile moja alikuwa halijui, kwa sababu aliyekuwa akimpelekea habari alikuwa hajalisikia bado. Maboga hayakuwapo Shinyanga, na Geita hayakuwapo pia. Nilijua vizuri kitakachotokea ndani ya wiki mbili. Neno moja tu lingetosha. Nikamsindikiza kwa macho hadi alipokata kona ya stendi, na neno lile sikulisema. Nilijisikia vizuri kwa muda wa kama nusu saa.

Mume wangu alirudi siku ya kumi na moja baada ya mgeni kuondoka. Inaelekea walikuwa wamepishana, au mwanamke yule hakutaka kumwambia kwanza. Alikuja na sato wake kwenye gazeti, akavua viatu kama siku zote, akatazama dirishani.

"Paka yuko wapi?"

Hilo ndilo lililokuwa swali lake la kwanza. Nikamjibu, "Wifi yangu alikuja kumchukua."

Alibaki ameshika kiatu kimoja. Uso wake ulipita rangi kadhaa. Kisha akakaa chini, si kwenye kiti, chini sakafuni.

"Nilikuwa nataka kukwambia."

"Miaka miwili ulikuwa unataka?"

"Ningesema nina mke wasingenipa. Wazee wake ni watu wagumu. Neno lilinitoka tu siku ile, dada, na baada ya hapo sikujua namna ya kulirudisha."

"Dini inakuruhusu kuoa wa pili," nikamwambia. "Ungekuja ukasema, ningelia, ningenuna, mwishowe ningezoea kama wenzangu. Lakini nani alikuruhusu kunifanya dada yako?"

"Sikukuvunjia heshima. Nilikusifia kila siku. Kule kila mtu anakuheshimu."

Aliamini anachokisema. Nilimwona kwamba anaamini, na hapo nikajua hatuwezi kuendelea.

"Ulipokuwa unakaa hapo jikoni," nikasema, "ukiniuliza habari za darasani. Hizo nazo zilikuwa za kumpelekea?"

Laiti angedanganya pale! Alikuwa amedanganya kwa urahisi mambo makubwa zaidi. "Alikuwa anapenda kusikia habari zako," akasema.

Nikainuka, nikautoa mfuko wa mlenda kwenye msumari, nikamtupia mapajani. "Mpelekee mke wako. Mwambie achanganye na dagaa, nusu kijiko, asubuhi na jioni, mpaka maboga yatoke. Na hiki ndicho kitu cha mwisho utakachokibeba kutoka nyumba hii kwenda ile."

Alikibeba. Sijui kama alikifikisha.

Nilidai talaka, na kesi yangu ikasikilizwa na wazee barazani kwa shehe. Waliniuliza maswali ya haki. Amekupiga? Hapana. Amekunyima chakula, nguo? Hapana, aliniletea samaki. Ameoa mwingine? Hilo ni halali yake, binti. Sasa malalamiko yako ni nini? Nilijaribu kueleza. Nilipofika kwenye paka, mzee mmoja alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akatoa leso, na wenzake wakafuata. Nikawaacha wacheke. Aliyeniokoa ni mume wangu mwenyewe. Hakuweza kustahimili kicheko kile. Alisimama akatamka talaka mbele yao, akatoka bila kuvaa kofia yake.

Niliomba uhamisho nikapelekwa shule ya Mhunze, nje ya mji. Mwaka uliofuata mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa akileta samaki kutoka upande wa Geita alinieleza, bila kujua mimi ni nani katika habari hiyo, kwamba kuna mchimbaji aliyekimbiwa na mke wake. Mwanamke alibeba mtoto na paka akarudi Sengerema kwa mama yake, na mwanaume akahamia kambi nyingine. Nilimwuliza kama paka alikuwa mzima. Akanitazama kwa mshangao, akasema yeye huuza samaki, hafuatilii afya za paka.

Nilifundisha Mhunze miaka mingi, na watu walinizoea kama mwalimu asiye na maneno. Sikuwa hivyo zamani. Lakini kila mtu aliponisikiliza kwa makini, akainamisha kichwa na kuuliza swali la pili, nilikatisha maneno nikajitafutia kazi ya kufanya. Siku moja mwalimu mwenzangu, mwanamke mwema asiye na hatia yoyote, alikaa karibu nami ofisini akaniuliza nilikuwa nalifundishaje darasa kubwa namna ile bila kutumia fimbo. Nilianza kumweleza. Katikati nikaacha, nikamwuliza anayetaka kujua ni nani hasa. Alidhani sikumsikia vizuri, akarudia swali lake.